Malkia Elizabeth, kiapo chake na kisiwa cha Mageta: nifundishe vipi?

Nyar Maseno, Kisumu

Wapendwa, Bwana asifiwe. Naomba mawazo yenu, hasa nyinyi mnaofundisha dini na historia, maana jambo hili limeingia hadi mezani kwangu nyumbani.

Mimi ni mwalimu mstaafu na mama wa Mothers Union katika kanisa letu la ACK, yaani Anglikana, hapa Kisumu. Mwezi ujao zamu ya somo ni yangu, na mada ya mwaka huu ni wanawake walioongoza kwa imani. Debora na Esta wameshachukuliwa na wenzangu. Mimi nikamchagua Malkia Elizabeth wa Pili, aliyekuwa mlezi wa Mothers Union kwa miaka mingi. Tena wengi wetu wenye mvi tulizaliwa chini ya utawala wake. Watu husahau kwamba uhuru wa tarehe 12 Desemba 1963 haukumwondoa. Alibaki Malkia wa Kenya mwaka mwingine mzima, hadi tulipokuwa jamhuri tarehe 12 Desemba 1964. Nyanya yangu kule Maseno alimwombea kila Jumapili kwa Dholuo, kwa kuwa sala ya asubuhi ilikuwa na nafasi ya kumwombea mtawala, nami mtoto nikaitikia amina pamoja na wengine.

Ninachotaka kufundisha hasa ni kiapo chake. Alipotimiza miaka 21, tarehe 21 Aprili 1947, alikuwa Cape Town na wazazi wake. Alisema redioni kwamba maisha yake yote, yawe marefu au mafupi, atayatoa kuwatumikia watu wa ile familia kubwa ya himaya. Akakiri kwamba peke yake hataweza, akawaomba wanaomsikiliza washike neno hilo pamoja naye, kisha akamwomba Mungu amsaidie kulitimiza. Miaka mitano baadaye alikuwa Treetops, kwenye msitu wa Aberdare, usiku ambao baba yake alifariki Uingereza akiwa usingizini. Mumewe ndiye aliyempa habari, pale Sagana, tarehe 6 Februari 1952. Yaani alipata umalkia akiwa kwetu. Krismasi ya mwaka huo akawaomba watu wote, wa dini yoyote, wamwombee siku ya kutawazwa, ili Mungu ampe hekima na nguvu ya kutimiza atakachoahidi.

Na alishika kazi hadi mwisho. Tarehe 6 Septemba 2022, pale Balmoral, akiwa na miaka 96, alimpokea Liz Truss na kumpa kazi ya uwaziri mkuu. Picha ilionyesha mwanamke aliyekonda, ameshika mkongojo, mkono umevilia damu. Siku mbili baadaye akafa. Cheti cha kifo kinataja sababu moja tu: uzee. Mimi nimemuuguza mama yangu hadi pumzi ya mwisho, najua mwili wa mzee unavyokuwa zikibaki siku mbili. Mtu kuvaa, kushuka na kusimama kumpokea mgeni wa kazi katika hali hiyo, kwangu hilo ni somo tosha.

Sasa shida yangu. Mke wa kijana wangu anatoka Othaya, Nyeri. Ni msichana mwenye heshima, sijawahi kusikia akinipandishia sauti. Aliniona nikiandika dondoo akaniuliza ni za nini. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, siku hiyo nitabaki nyumbani. Guka alifungwa Mageta."

Wasiojua, Mageta ni kisiwa chetu, huku Siaya. Unapanda boti Usenge. Sisi Wajaluo tunakijua kwa samaki. Wakati wa hali ya hatari serikali ya kikoloni ilikifanya kambi ya kuwazuilia watu wa Mau Mau, na Saiyusi vilevile. Ziwa letu lilitumika kuwa ukuta wa jela ya watu wa Nyeri na Murang'a, na mimi nimefundisha miaka yote hiyo bila kukaa chini na mtu ambaye babu yake alikuwa mle ndani.

Ninauliza: mtu anaweza kusemwa ametimiza kiapo alichokula mbele za Mungu kwa watu wake wote, wakati baadhi ya hao watu walikuwa Mageta? Na sisi tuliokuwa watu wake, kifo chake tukichukue vipi? Tumlilie, au tuwaachie wenyewe wamlilie? Tafadhali msiniambie nimchukue Ruthu badala yake. Nataka kuelewa jambo hili kabla sijasimama mbele ya akina mama.

Nesi wa Siaya

Mama, mimi nilikuwa kwenye ile foleni.

Nilifanya kazi ya uuguzi London kabla sijarudi nyumbani, na Septemba 2022 nilitoka zamu ya usiku nikaenda moja kwa moja Southwark Park, mahali foleni ilikoanzia. Unafungwa karatasi yenye namba kwenye kifundo cha mkono, halafu unafuata mto Thames polepole hadi bungeni. Siku ilipokuwa ndefu kabisa, mstari ulifika kama kilomita 16. Watu wapatao 250,000 walipita pale alipolazwa. Kulikuwa na wazee, watoto, Wanigeria, Wahindi, askari wastaafu wenye medali. Usiku ulikuwa wa baridi kali. Mama mmoja wa Kijamaika aliyekuwa nyuma yangu alinifunika nusu ya shali yake, tukatembea hivyo hadi Lambeth kama ndugu.

Ukiingia Westminster Hall hakuna kupiga picha wala kuzungumza. Jeneza liko juu, limefunikwa bendera yake, na juu yake taji, fimbo ya enzi na tufe la dhahabu. Unapewa muda wa kusimama kidogo tu. Wengine waliinama, wengine walifanya ishara ya msalaba, mzee mmoja Mwingereza alipiga saluti huku machozi yakimwagika. Mimi niliinamisha kichwa nikasema sala ya Bwana kimoyomoyo, kwa Dholuo, maana ndivyo inavyonijia ninapokuwa na uzito.

Niliporudi wenzangu Waafrika waliniuliza kwa nini nilienda kumlilia huyo. Nilienda kwa sababu ya picha moja ya tarehe 17 Aprili 2021. Ni mazishi ya Prince Philip, mume wake wa miaka 73. Sheria za korona ziliruhusu waombolezaji 30 tu, na watu wa nyumba tofauti hawakuruhusiwa kukaa pamoja. Akakaa peke yake kwenye kiti kirefu, na barakoa nyeusi usoni, mwanamke wa miaka 94 akimzika mumewe bila hata mtoto wa kumshika mkono. Wakati huo mimi nilikuwa wodini. Nilikuwa nikishika simu karibu na sikio la mgonjwa ili mtoto wake amuage akiwa nyumbani, kwa sababu hakuruhusiwa kuingia. Nilimwambia binti mmoja, "Pole, sheria hairuhusu," na alinilaani. Nilipomwona malkia ameketi vile, nilijua kuna mtu mmoja mkubwa ambaye sheria ile niliyokuwa nikiwatekelezea maskini ilimfika naye, na hakuikwepa.

Sisemi hilo linafuta Mageta. Sikuwa nikiijua Mageta nilipokuwa kwenye foleni, na hata leo nimeisoma hapa kwako kwa mshangao, mimi niliyezaliwa ng'ambo tu ya maji. Lakini umeuliza tumlilie au tusimlilie. Mimi nililia, na nililia kwa haki.

Kijana wa Kondele

Mwalimu, mimi si mtu wa kanisa sana lakini hii ya kulia nina neno.

Tarehe 18 Oktoba 2025 nilikuwa Mamboleo, siku mwili wa Baba, Raila Odinga, ulipoletwa Kisumu kabla ya kuzikwa Bondo kesho yake. Raila hakuwahi kuwa rais. Hakuwa na taji. Mimi sijawahi hata kumshika mkono. Lakini nilitoka nyumbani usiku, nikakata tawi la mti kama wenzangu, tukaimba njia nzima hadi sauti ikapotea. Babangu alifanya hivyo kwa Jaramogi, baba yake Raila, mwaka 1994. Huwezi kuniambia kwamba ilikuwa siasa tu. Mtu akibeba mambo yenu miaka mingi, kifo chake kinawatoa nyumbani wote, hakuna anayekuita.

Nikisoma alivyoandika dada nesi naona hata Waingereza walifanya tero buru yao. Sisi tunakimbia na matawi, na zamani tulikimbiza na ng'ombe, tukikifukuza kifo. Wao walisimama kwa mstari, kimya, usiku kucha. Ni kitu kimoja.

Ila nauliza. Baba alifungwa, akapigwa, akarudi kwa watu wake. Tulimjua kwa hayo. Malkia aliwajua watu wa Mageta kwa lipi?

Mjukuu wa Subukia, Nakuru

Mama Mwalimu, nakushukuru kwa kuuliza kwa heshima. Nitajibu kwa heshima pia, ingawa mada hii inanichoma.

Nyanya yangu alizaliwa kwenye shamba la mzungu hapa Subukia, binti wa kibarua. Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, miezi minane tu baada ya ule usiku wa Treetops, Wakikuyu walianza kutolewa kwenye mashamba ya Bonde la Ufa na kurudishwa maeneo ambayo wengine hawakuwahi hata kuyaona. Yeye alipelekwa Nyeri, na kuanzia 1954 akaishi katika vile vijiji vilivyozungushiwa handaki na miti iliyochongwa. Watu zaidi ya milioni moja waliingizwa humo. Alimzika mtoto wake wa kwanza pale. Njaa. Hakuniambia mengine.

Wakati huohuo mahakama zilifanya kazi kwa jina la malkia. Faili ya kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, iliandikwa Malkia dhidi ya Kimathi. Najua mtasema jina la mtawala huwekwa tu, kwamba hakuisoma. Pengine hakuisoma. Lakini jina ni lake, na kiapo cha kuwatumikia watu hao kilikuwa ni chake vilevile. Zaidi ya watu elfu moja walinyongwa kwa jina hilo. Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akazikwa mahali ambapo familia yake haikuonyeshwa.

Mama, kwa kuwa swali lako ni la kifo, tazama vifo viwili hivi. Malkia alifariki Septemba 2022. Aliwekwa kwenye kanisa la Windsor, kando ya mumewe, baba yake na mama yake. Mukami Kimathi alifariki Mei 2023, miezi minane baadaye. Alikuwa ameomba tangu uhuru apewe mifupa ya mumewe aizike kwa heshima. Serikali zikaja na kupita. Alizikwa Njabini bila kuipata. Hao ni wajane wawili wa wakati mmoja, mmoja mtawala na mwingine mtawaliwa. Unawaeleza nini akina mama kuhusu huyo wa pili?

Na linaloniumiza kuliko yote ni hili. Alikuwa na uwezo wa kuinama. Mwezi Mei 2011 alikwenda Dublin, Ireland, akaweka shada kwenye bustani ya kumbukumbu ya watu waliokufa wakipigana na taji lake mwenyewe, akainamisha kichwa mbele yao. Kwenye hotuba akasema kuna mambo ambayo mtu akitazama nyuma angependa yangefanywa kwa namna nyingine, au yasingefanywa kabisa. Mwaka uliofuata alimpa mkono Martin McGuinness, aliyekuwa kamanda wa IRA, kundi lililomuua Mountbatten, ndugu wa ukoo wao, mwaka 1979. Hayo ni matendo ya imani na ninayaheshimu. Alikuja Kenya pia akiwa malkia, 1983 na 1991. Nyeri kuna makaburi. Kwa nini hakuinama kwetu?

Serikali yake ilisema inasikitika mwezi Juni 2013, wazee wetu walipokwishaishtaki, na ikalipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Mwanawe Charles akaja Nairobi tarehe 31 Oktoba 2023, akasema hakuna udhuru kwa ukatili ule na kwamba ana huzuni kubwa. Neno la kuomba msamaha hakulitamka. Nyanya yangu hakuwa hai kusikia hata hilo la huzuni.

Ukitaka kumfundisha, mfundishe. Ila usiseme "watu wake" halafu ukaturuka.

Kasisi wa Butere

Mwalimu, na wewe ndugu wa Subukia, nimesoma yote mara mbili. Mimi ni kasisi wa ACK, nimestaafu, niko shambani.

Naanza na kupakwa mafuta, maana hapo ndipo kiini cha swali kilipo. Tarehe 2 Juni 1953, Westminster Abbey, kabla ya taji, alivuliwa vito na joho, akabaki na gauni jeupe lisilo na pambo. Wakashika kitambaa cha dhahabu juu yake, naye askofu mkuu akampaka mafuta mikononi, kifuani na kichwani. Kamera za televisheni zilizoonyesha yote mengine hazikuonyesha hilo. Lilikuwa kati yake na Mungu. Na siku ya kuzikwa kwake, tarehe 19 Septemba 2022, tuliona jambo lilelile likirudiwa. Pale Windsor walitoa taji, fimbo na tufe juu ya jeneza, vikawekwa madhabahuni. Mkuu wa nyumba yake akavunja fimbo ya kazi yake, kuonyesha kwamba utumishi wake kwa malkia umekwisha. Ndipo jeneza likashushwa, na huyo aliyeshuka ni Elizabeth, Mkristo, hana kitu mkononi.

Nimezika watu wengi katika maisha yangu, wakubwa na wadogo, na sijapata kuona ibada iliyosema hilo waziwazi namna ile. Kwa hiyo Mwalimu, hapo una somo.

Lakini kupakwa mafuta si hati ya kutokosea. Katika Maandiko ni kinyume. Daudi alipakwa mafuta, na ni kwa sababu hiyo Nathani alimwendea kuhusu Uria. Mkulima wa kawaida hakuletewa nabii nyumbani. Anayepakwa mafuta kwa ajili ya watu huulizwa juu ya watu hao, mmoja mmoja, na walio Mageta wakiwemo. Elizabeth mwenyewe alilijua hili. Katika salamu zake za Krismasi mwaka 2000 alisema mafundisho ya Kristo, na kule kujua kwamba atatoa hesabu yake mbele za Mungu, ndiyo yaliyomwongoza maishani. Yeye ndiye aliyetaja hesabu. Sisi tukiitaja hatumtukani.

Ndugu wa Subukia anauliza kwa nini aliinama Dublin asiiname Nyeri. Mtawala wa Uingereza hufuata ushauri wa mawaziri wake, na safari ya Dublin iliandaliwa na serikali mbili zilizokuwa zimeshapatana. Hiyo ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine inatuuma sisi. Alipokuja 1983 na 1991, Mau Mau walikuwa bado ni chama haramu katika sheria za Kenya. Marufuku ya mkoloni tuliiacha vitabuni hadi 2003, na sanamu ya Kimathi haikusimama Nairobi hadi 2007. Ni nani kati ya wakubwa wetu angempeleka malkia kwenye kaburi ambalo wao wenyewe hawakutaka kulitafuta?

Sisemi hilo limwondolee deni. Nasema wadaiwa ni wengi, na baadhi yao walikula kiapo hapa Nairobi wakiwa wameshika Biblia.

Kwa hiyo jibu langu, Mwalimu: alishika kiapo cha kazi kwa uaminifu ambao sijauona kwa mtawala mwingine wa wakati wangu. Kiapo cha upendo kwa watu wote hakukimaliza, na alikufa akidaiwa. Muombolezeni kama mnavyomwombolezea Mkristo yeyote, kwa shukrani na kwa kumwombea rehema. Kuomba rehema si kusema mtu hakukosa.

Nyar Maseno, Kisumu

Asanteni sana. Nimewasomea wa nyumbani majibu haya jana jioni, mke wa kijana wangu akiwa ameketi nasi. Ya ndugu wa Subukia aliomba niyasome tena.

Halafu akatueleza mambo ambayo katika miaka yote aliyokaa kwetu hakuwahi kuyasema. Guka wake alirudi kutoka Mageta akiwa na kifua kibovu, na tangu siku hiyo hakugusa samaki hadi alipokufa. Hata harufu yake ilimtoa ndani ya nyumba. Yeye msichana alipoolewa huku ziwani, guka hakumkataza. Alimwita tu, akamwambia kwamba wakiwa kambini kulikuwa na wavuvi Wajaluo waliopita karibu na ufuo kwa mitumbwi na kuwatupia chakula askari wasipoona, kwa hiyo aende kwa watu wale bila kinyongo. Nami niliyekuwa nikijua kisiwa hicho kwa omena na mbuta sikuwa na la kusema. Mzee wangu alisimama akatoka nje.

Padre, hapo uliposema wadaiwa ni wengi umenisaidia. Kondele, swali lako la malkia aliwajua kwa lipi nitaliuliza kama ulivyoliuliza, na sitalijibu. Dada nesi, naomba ruhusa yako niisimulie ile picha ya kiti kirefu, maana akina mama wengi kwetu walizika wakati wa korona usiku, na polisi wakiwaharakisha. Wataielewa kuliko mimi.

Somo litabaki la Elizabeth. Ila nimekubaliana na mke wa kijana wangu kwamba yeye ndiye ataanza, aeleze ya guka, kisha mimi nifuate na Cape Town, Sagana na Westminster. Amesema atakuja. Kwenye maombi ya mwisho nataka kumtaja Elizabeth kwa jina, na Mukami kwa jina, katika sala moja. Ndugu wa Subukia, hilo litakuudhi?

Mjukuu wa Subukia, Nakuru

Halitaniudhi, Mama. Mtangulize Mukami, kwa kuwa yeye bado anasubiri mtu azikwe.

Na kama mna nafasi, mtajeni pia mtoto wa nyanya yangu. Aliitwa Wambũi. Hana kaburi linalojulikana, na hakuna faili yenye jina lake.

Nesi wa Siaya

Ruhusa unayo, Mama. Uniambie tarehe nami nije. Nitapitia Usenge niwaulize wazee wa pale kama kuna anayekumbuka hao wavuvi, maana wakiwa hai hata wawili, guka wa Othaya ana watu wa kushukuriwa kwa majina.

Kasisi wa Butere

Kwa ibada yenyewe, Mwalimu, tumia Zaburi ya 23, iliyoimbwa kwenye harusi yake mwaka 1947 na tena kwenye mazishi yake. Kisha 1 Wakorintho 15, iliyosomwa siku hiyo Westminster. Msomaji wa Zaburi awe mke wa kijana wako, na aisome kwa Kikuyu.